Rodell Vickers na Mji Uliokula Kiapo

Jambo la kwanza nililoliona kwa Rodell Vickers halikuwa urefu wake. Warefu tunao hapa Klettsvík, mji wetu mdogo wa wavuvi huku kaskazini. Hata mchungaji wetu huinama akiingia kanisani. Niliona jinsi alivyokaa. Siku aliyofika, Septemba miaka saba iliyopita, viongozi wa klabu yetu ya mpira wa kikapu walimkaribisha katika chumba cha kahawa cha ukumbi wa michezo, wakamwekea maandazi ya kusokotwa, naye akakaa kwenye ncha ya kiti, mabegi yake mawili ameyabana kati ya miguu, kama abiria anayesubiri jina lake liitwe. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari na siku hiyo zamu ya kuosha vikombe ilikuwa yangu. Kila aliyempa mkono alimtajia jina lake, na Rodell alilirudia mara mbili, polepole, ili lisimponyoke.

Ilikuwa klabu yake ya kumi na moja katika miaka minane, na nchi yake ya sita.

Alizaliwa Youngstown, Ohio, mji ambao viwanda vyake vya chuma vilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Earline, aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita. Rodell alicheza mpira wa kikapu katika chuo kidogo ambacho mechi zake hazikuonyeshwa popote, na kwa misimu miwili mfululizo hakuna aliyemshinda pale kwa kufunga. Ligi kubwa ya nchi yake haikumwita. Aliyempigia simu alikuwa wakala asiyemfahamu, akamuuliza swali moja tu: "Una pasipoti?" Hakuwa nayo.

Alipoipata, alikwenda Saiprasi, kisha Luksembogi, Romania, Ureno, Ujerumani daraja la pili, halafu akaanza kuzunguka upya katika zilezile. Kila Septemba alijifunza njia mpya ya kwenda dukani, na kila Mei aliisahau. Mji mmoja timu ilivunjwa siku chache kabla ya Krismasi. Mji mwingine alifika mazoezini asubuhi, akamkuta Mmarekani mwenzake mgeni kabisa amevaa fulana yenye namba yake.

"Hakuna aliyeniambia nimeachishwa," alinisimulia. "Fulana ndiyo iliyoniambia."

Klettsvík tuko watu elfu moja na mia tatu. Ukumbi wetu unaingiza mia sita, na wote mia sita ni makocha. Majira yake ya baridi ya kwanza Rodell aliteleza mara tatu mbele ya mlango uleule, mlango wa duka la mikate la Steinunn, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa klabu. Mara ya tatu Steinunn alitoka na ndoo ya mchanga, akaumwaga, akatangaza kwamba mahali pale sasa panaitwa Barabara ya Rodell. Rodell alizoea kuvua nguo zote na kuoga vizuri kabla ya kuingia katika bwawa la maji moto, jambo ambalo Wamarekani wengine waliotangulia walilikimbia. Alijifunza kula samaki mkavu kwa siagi. Asubuhi aliwafundisha wasichana wa shule ya msingi mpira, na Torfi, msimamizi wa kiwanda cha samaki, alipopungukiwa na watu, Rodell alivaa aproni ya plastiki akasimama kwenye mstari na wengine. Alihamia nyumba ndogo ya mabati ya bluu karibu na bandari. Kila Mei Steinunn alimwuliza, "Mwaka mwingine?" naye akajibu, "Mwaka mwingine," wakatia saini juu ya meza ya kukandia unga.

Novemba iliyopita Steinunn hakungoja Mei. Alimwita dukani baada ya wateja wa asubuhi kupungua.

"Rodell, kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Una miaka thelathini na saba."

"Najua. Nilikuwepo ilipokuwa inapita."

"Goti je?"

"Bado ninalo."

"Sitanii, rafiki yangu. Kanuni unaijua. Timu moja, Mmarekani mmoja. Msimu ujao tunahitaji kijana anayeruka. Tukikupa wewe nafasi hiyo tutashuka daraja, na tukimpa yeye, wewe unaondoka. Na mkataba ukiisha, kibali chako cha kukaa nacho kinaisha."

Steinunn akamsogezea kahawa.

"Lakini ukiwa raia," akasema, "wewe si mgeni tena. Kijana anakuja, na wewe unabaki. Unacheza dakika zako kumi, unamsaidia kocha Ketill kufundisha, na wasichana wako hawapotezi mwalimu. Miaka saba umeishi, hilo limetimia. Polisi hawakujui, hilo nalo limetimia. Imebaki mtihani wa lugha, Mei."

Alimleta kwangu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu miezi michache nyuma, na digrii ya lugha yetu ikiwa bado mpya mkononi, ili nifundishe shuleni palepale niliposomea. "Mpime," Steinunn aliniambia, kana kwamba ameniletea kitambaa.

Nilimwomba Rodell anieleze, kwa lugha yetu, alichokifanya tangu alipoamka. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Habari za asubuhi. Asante. Samaki. Pasi, pasi. Rudi nyuma." Mwisho akaongeza tusi moja, kwa matamshi safi kabisa. Alikuwa amefundishwa na Torfi.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo baada ya miaka saba. Mwanzoni nilimlaumu moyoni, na sasa naona haya kusema hivyo. Nilipoanza kumfuata mjini nikaona yaliyokuwa yakitokea. Aliingia dukani, akafungua mdomo, akatamka neno moja la kwetu. Muuzaji akaruka mara moja kwenye Kiingereza, kwa tabasamu. Posta vilevile. Kwa daktari vilevile. Ndivyo tulivyo. Tukisikia mtu anayumba katika lugha yetu, tunamhurumia, tunamvusha haraka kwenye lugha yake, kisha tunajipongeza kwa wema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rodell tulimpa jembe tangu wiki ya kwanza. Ulimi ndio tulioukalia.

Nilimwambia Steinunn, na kesho yake asubuhi akalipeleka suala hilo katika bwawa la maji moto, ambako mambo yote ya Klettsvík huamuliwa kabla hayajafika baraza la mji. Tulikuwa kama kumi, maji shingoni, theluji ikituangukia vichwani.

"Ni kosa letu," Steinunn akaanza. "Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwacha amalize sentensi."

"Mimi nilikuwa namfanyia ukarimu," Torfi akajitetea.

"Ulikuwa unajionyesha, Torfi. Ukiongea na Rodell unasikika kama jambazi wa kwenye filamu."

"Na wewe unayemwuzia mkate kama malkia wa Uingereza je?"

"Basi wote tuna hatia. Tuache Kiingereza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mei."

"Na nyumba yake ikiwaka moto?" akauliza Ketill, kocha wa timu, ambaye kazi yake ya mchana ni ufundi umeme na anajua nyumba za mabati.

Tulikula kiapo palepale. Siku hiyohiyo tangazo likabandikwa kwenye milango ya duka, ya ukumbi na ya bwawa: kuanzia Jumatatu, hakuna Kiingereza kwa Rodell, hata nyumba ikiwaka moto. Chini yake mtu akaongeza kwa kalamu, na mwandiko wa Torfi unajulikana: "Ikiwaka, mwonyesheni kwa kidole."

Wiki za kwanza zilikuwa za kuchekesha, isipokuwa kwa Rodell. Dukani alisimama mbele ya muuzaji, foleni nyuma yake imefika kwenye friji, akitafuta neno.

"Mimi taka... ile nyeupe. Ya ng'ombe. Siyo maziwa."

"Jibini?"

"Siyo jibini. Iko laini. Nakula na kijiko."

"Mtindi! Anataka mtindi!" akapiga kelele mama mmoja wa nyuma, na foleni nzima ikamkemea: "Mwache aseme mwenyewe!"

Watu waliteseka pia. Torfi alivunja kiapo mara nne kabla ya Jumatano, akatozwa adhabu ya kusukuma theluji mbele ya ukumbi. Rodell naye akapata njia ya kuponyoka. Tuligundua kwamba kila jioni anaendesha gari kilomita arobaini hadi mji wa jirani kununua mafuta ambayo hayahitaji, ili tu apige soga kwa Kiingereza na mhudumu wa kituo. Steinunn akapiga simu. Jioni iliyofuata mhudumu yule alimjibu Rodell kwa lugha yetu tupu, kisha akainua mikono: "Nisamehe, rafiki yangu. Mwenyekiti wenu anatisha."

Hiyo aliielewa yote. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa uchungu.

Januari aliacha kuja bwawani. Alikuja kwenye masomo yangu kila siku saa tisa, akaandika kila kitu katika daftari la mistari, lakini uso wake ulikuwa umezimika. Siku moja alifunga daftari katikati ya zoezi, akaniomba ruhusa ya kusema Kiingereza. Nilivunja kiapo kwa dakika kumi na sijutii.

"Kwetu mimi ni mcheshi," alisema. "Muulize mtu yeyote Youngstown. Katika vyumba vya kubadilishia nguo, nchi zote zile, mimi ndiye niliyewachekesha watu. Hapa sasa mimi ni jitu zima linaloomba sukari. Watu wananitazama kwa huruma, wananingoja. Nimekuwa mgeni maisha yangu yote ya kazi na haijawahi kuniuma. Sasa ndiyo inauma, mahali pekee ninapotaka kukaa."

Nilimwuliza alijuaje kwamba anataka kukaa. Akacheka kidogo.

"Mama alinipigia simu wakati wa sikukuu. Nilikuwa navua viatu mlangoni. Akaniuliza, uko wapi? Nikamwambia, nimefika nyumbani sasa hivi. Akapiga kelele, uko Youngstown, mwanangu, na hukuniambia? Nikakaa chini palepale kwenye viatu. Sikujua nilikuwa nimeshaanza kusema hivyo."

Akafungua daftari, tukaendelea na zoezi.

Aprili tuliingia robo fainali. Mechi nne zilitugawa sawa, ya tano ikachezwa kwetu. Wote mia sita walikuwepo na wengine wamesimama ngazini. Goti la Rodell lilikuwa limefungwa bandeji, lakini alikuwa amefunga pointi kumi na tisa, nyingi kutoka mbali. Zikabaki sekunde tisa, tuko nyuma kwa pointi moja, mpira wetu. Ketill akaomba mapumziko mafupi.

Tangu Novemba Ketill alikuwa akitoa maelekezo kwa lugha yetu, akichora na kurudia, na kwa kawaida muda ulitosha. Sasa haukutosha. Nilikaa safu ya pili nyuma yao, nikaona midomo yake ikijiandaa kwa Kiingereza. Ukumbi mzima ulijua anachofikiria.

"Mwambie kwa Kiingereza, we Ketill!" Torfi akanguruma kutoka juu. "Mechi kwanza!"

"Kiapo!" akajibu mtu.

"Kiapo nenda nacho kanisani!"

Rodell alimshika Ketill mkono. "Hapana," akasema kwa lugha yetu. "Sema ya kwenu. Mimi sikia."

Ketill akasema. Alisema polepole, jinsi unavyosema na mzee mgonjwa, akionyesha kwa kidole, na kipenga kikalia kabla hajafika mwisho. Rodell alikuwa amekamata nusu ya kwanza: mahali pa kuupokea mpira. Nusu ya pili, kwamba auachie upande wa kushoto ambako mwenzake angekuwa peke yake, haikumfikia. Aliupokea vizuri, akageuka, akatafuta kinachofuata, akapoteza sekunde moja. Kisha akaruka mwenyewe, mkono wa mtu usoni. Mpira ukazunguka ukingo wa kikapu mara moja, mara ya pili, ukatoka.

Msimu ukaisha hapo.

Siku mbili baadaye alikuja bwawani kwa mara ya kwanza tangu Januari. Aliingia taratibu, akaegemeza kichwa ukingoni, akafumba macho. Baada ya muda Torfi akamgeukia jirani yake akasema, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyosema mbele ya watu tunaoamini hawatuelewi:

"Angeambiwa kwa Kiingereza, leo tungekuwa nusu fainali. Goti limekwisha na ulimi haujaanza."

Rodell hakufumbua macho.

"Torfi," akasema kwa lugha yetu. "Mimi kosa kikapu moja. Ndiyo, kweli. Lakini wewe, miaka thelathini kiwandani, samaki yako yote imekufa... na bado inakukimbia."

Kisha Steinunn akaachia kicheko kilichotoka tumboni, na bwawa zima likafuata, maji yakimwagika sakafuni. Torfi alizama mpaka utosi. Alipoibuka alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Nani kamfundisha huyu kuongea hivi?"

"Wewe," akasema Ketill. "Tusi la kwanza lilikuwa lako."

Torfi alijifuta uso kwa viganja. Akamsogelea Rodell, akakaa karibu naye, bega kwa bega. "Nilisema upuuzi," akamwambia. "Tulikula kiapo wote. Kesho njoo kiwandani, hata kama sina pengo. Utasimama karibu na mimi."

"Nasimama karibu na wewe, nani nashika samaki?"

"Ameanza tena!"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mimi nilimfundisha nyakati za vitenzi. Torfi alimfundisha kubishana. Kwa muda wa saa nne kila siku kwenye mstari wa samaki walitukanana kuhusu hali ya hewa, siasa, na namna sahihi ya kuchemsha kondoo. Rodell aliandika makosa yake ndani ya glavu kwa kalamu ya wino, akaniletea alasiri nimsahihishie. Alikosea bado, tena sana, lakini alikosea huku akiendelea mbele. Nilimwona mama yule wa foleni ya mtindi akimcheka, naye akimjibu, na foleni ikichelewa kwa sababu ya mazungumzo.

Mtihani ulifanyika mji mkuu, wiki ya mwisho ya Mei. Ketill alifunga karakana yake akampeleka, safari ya saa nne, na wakakatazana redio na nyimbo zake za Kiingereza ili Rodell asiharibu sikio. Kulikuwa na kusoma, kusikiliza, kuandika, na mwisho kuongea na wasahihishaji wawili. Mimi nilibaki darasani nikifundisha, bila kusikia nilichokuwa nikikisema. Jioni walirudi, na Rodell akasimama mbele ya duka la mikate, ambako watu thelathini hivi walikuwa wamejikuta wakinunua mkate saa ambayo hakuna anayenunua mkate.

"Ehe?" Steinunn akauliza.

"Kusoma, nzuri. Kuandika, mbaya kidogo. Kuongea..." Akajikuna shingo. "Niliongea sana. Mama mmoja alicheka mpaka alifuta miwani. Sijui kama nilijibu swali."

"Alicheka vizuri au vibaya?"

"Steinunn, kama mimi najua hiyo, mimi iko raia tayari."

Tangu siku ile tumengoja wiki nne. Karatasi nyingine zote za maombi yake zimekamilika, lakini bila matokeo haya hazisongi. Wakala wa kijana mmoja wa Texas, mwenye miaka ishirini na tatu na anayeruka kweli, anapiga simu kila Jumatatu, na kila Jumatatu Steinunn anamwambia asubiri. Rodell akifaulu, kijana atakuja na Rodell atabaki. Asipofaulu, kijana atakuja vilevile, na kibali cha Rodell kinaisha mwisho wa mwezi huu. Mtihani mwingine uko mbali mno kumsaidia.

Leo mchana nilipita nyumbani kwake nikamkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye udongo, anapanda viazi, goti bovu likiwa juu ya mto wa kiti. Amechelewa, sisi wengine tulishapanda. Torfi alikuwa amesimama juu yake na koleo.

"Hilo shimo la kiazi au kaburi langu?" Torfi alikuwa akisema. "Fukia kidogo, rafiki yangu, kiazi nacho kinataka kupumua."

"Wewe unapumua ya watu wawili. Kaa mbali, kiazi apate."

Niliwasalimu. Nilitaka kuuliza nani atavichimba viazi hivyo Septemba, na nikashindwa. Nadhani Rodell aliliona swali usoni kwangu, maana alijipangusa mikono akasema, kwa lugha yetu, bila kosa hata moja, kwamba mbegu alipewa na Ketill na ni aibu kuziacha ziote kwenye gunia. Kisha akaniuliza kama ni kweli matokeo hutumwa saa nne kamili au huwa wanachelewa.

Nikamwambia hutumwa saa nne kamili. Ni kesho. Torfi amekwisha kuwaambia wafanyakazi wake kwamba mashine zitasimama saa nne kasoro dakika tano, na Steinunn amebandika karatasi mlangoni kwamba kesho duka la mikate litafunguliwa saa tano, au litakapofunguliwa.